Amekuambia ana njaa, wewe unamtumia mistari

*Hujambo shangazi? Mimi ni kijana wa miaka 27, natengeneza simu hapa Kisumu. Kuna dada wa duka la M-Pesa kando yangu, sisi wote tunapenda muvi za zamani zile hazina rangi, so nikaanza kumkatia na mistari ya yule mwigizaji Humphrey Bogart nimeitafsiri. Kila siku anajibu "haha sawa". Juzi akaniandikia amefunga duka na njaa inamuuma, nikamtumia mstari mtamu wa macho yake, amenyamaza mpaka leo. Nimekosea wapi?*

Mwanangu, hapo kwa njaa nimeshika kichwa. Huyo msichana alikufungulia mlango kabisa!

Si mnapenda muvi, basi rudi uangalie Notorious ya 1946, Cary Grant na Ingrid Bergman. Hollywood miaka hiyo ilikuwa na sheria kali za maadili, zilikazwa kuanzia 1934, busu refu halikubaliwi, sasa mwongozaji wa hiyo muvi, Alfred Hitchcock, akafanya wabusu kidogo waache, wabusu tena waache, na hapo katikati wanaongea. Wanaongea nini? Kuku! Mwanamke anasema kuna kuku kwa friji atampika, mwanaume anauliza na vyombo je, anaambiwa tutakula na mikono. Hakuna mtu ametaja macho wala nyota na bado wewe mwenye kuangalia unasikia moto, juu kila mmoja anadaka neno la mwenzake na kulirudisha na kitu juu yake. Hata huyo Bogart wako, kwa The Big Sleep amekaa mezani na Lauren Bacall wanaongea farasi wa mbio, na hapo hakuna mtu anafikiria farasi. Lakini anamsikiza kwanza ndio ajibu. Wewe unatuma mstari umeshaisha, sasa aongeze nini kama si "sawa"?

(Na zile sehemu mwanaume anavuta mwanamke kwa nguvu, hizo ziache huko huko, sizipendi hata kidogo.)

Mwandikie leo. Mwambie pole, alisema ana njaa na wewe ukaruka. Halafu muulize, akienda kula samaki pale ufuo wa Dunga yeye huagiza ngege ya kukaanga ama ya mchuzi, na hapo nyamaza, muache ajibu vile anataka hata kama ni kukucheka. Akikuchokoza, mchokoze pia kidogo. Akirudisha tu "sawa", basi hataki, msalimie kama jirani na usimsumbue, mtaonana kila asubuhi mkifungua duka.