Achari ya Nyumbani: Je, Nikope Nijenge?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Ninaishi Wete, Pemba, na kwa miaka sita ninatengeneza achari ya embe jikoni kwangu. Nilianza kwa kuwauzia majirani. Sasa maduka mawili ya Chake Chake na moja la Darajani, Unguja, yananiagizia na ninashindwa kuyatosheleza. Shemeji yangu ananishauri nikope, nijenge banda na kuajiri wasichana. Nimsikilize?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Shemeji yako anakutakia kheri, ila jengo lisubiri, kwa sababu deni lake utadaiwa hata miezi ambayo hakuna embe mitini. Mwaka 1959 wanawake saba wa Mumbai, India, walikopa rupia 80 wakaanza kutengeneza papadi juu ya paa la jumba walimoishi, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Lijjat, ushirika wa wanawake wenye wanachama makumi ya maelfu. Kinachonivutia mimi ni namna walivyoigawa kazi: unga hukandwa kituoni kwa kipimo kimoja, kila mwanamke huchukua donge lake akalisukume kwake, na papadi zikirudi hukaguliwa kabla ya kufungwa.

Nawe gawa vivyo hivyo. Kumenya embe, kuzikata, kuzitia chumvi na kuzianika ni kazi ya jirani yeyote mwenye jamvi safi. Kuchanganya pilipili, thomu na siki kubaki kwako. Nadhani bado unakadiria kwa kiganja (sikulaumu, ndivyo tulivyofunzwa na bibi zetu), lakini nunua mizani, uandike gramu za kila kitu. Mteja wa Darajani anataka ladha ileile aliyoionja mwezi uliopita. Tena siki ikipungua hata kipimo cha pH (ambacho hupanda uchachu ukipungua) kikapita 4.6, vijidudu hatari huweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa. Chupa zichemshe, na vifuniko vya bati vilivyokwisha kutumika usivirudie, maana siki huvila na kutu ikaanza kuonekana ukingoni.

Chupa zako zikishafanana ladha, nenda Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ukaulizie usajili. Ukikopa, kopa fedha za mizani na chupa. Maduka ya Chake Chake yatosheleze kwanza. La Darajani, ambalo mzigo wake huvuka bahari, liombe likungoje hadi msimu ujao.