Jibu: Mwigizaji wa jukwaani wa zamani tunayeweza kumwona bado

Ndugu, umeuliza kama kuna mwigizaji mkubwa wa jukwaani wa Uingereza, wa enzi za Malkia Victoria, aliyebaki kwenye filamu. Yupo: Johnston Forbes-Robertson. Kwanza alisomea uchoraji, uigizaji ukaja kwa kutafuta riziki. Hamlet, mwanamfalme katika tamthilia ya Shakespeare, alimcheza London mwaka 1897, akiwa na miaka 44 tayari. Mwaka 1913, akiwa anaaga jukwaa, kampuni ya filamu ya Hepworth ikamrekodi kwenye filamu katika nafasi hiyohiyo, na ngome ya kuigiza ikajengwa ufukweni Lulworth, kusini mwa Uingereza. Filamu ni bubu, lakini mtazame midomo: anatamka mistari kana kwamba ukumbi umejaa. Mzee wa miaka 60 anacheza mwanamfalme kijana! Mimi baada ya dakika chache huwa nimeshasahau umri wake.