Shida si jua, ni saa
Ndugu unayeuliza kwa nini tusijaze paneli za jua Mwanza nzima tukaachana na mabwawa: umeme wa gridi hutumika papo hapo unapofuliwa, na lazima ukae kwenye mizunguko 50 kwa sekunde. Wingu likitanda ghafla, umeme wa paneli unapungua, mizunguko inashuka, na mitambo mingine inabidi iongeze umeme ndani ya sekunde chache. Sasa fikiria saa moja na nusu jioni: Kirumba na Igoma wamewasha taa, televisheni, pasi, na paneli zimeshalala. Hapo ndipo bwawa la Nyerere (megawati 2,115) lina kazi. Mchana paneli za Kishapu, kule Shinyanga, zikifua, unabana maji bwawani, jioni unayaachia. Ukisema tutumie upepo, ule wa ziwani nao hugeuka usiku, waulize wavuvi wa dagaa. Betri za kuhifadhi umeme wa mchana? Zipo, ila bei yake kwa gridi nzima, mmh.