Upo chuoni Uingereza: ulipie pensheni kwa hiari?

Mdogo wangu, umesema una miaka 20, unasoma Leeds, na rekodi yako ya bima ya taifa (National Insurance, michango inayojenga pensheni ya serikali) inaonyesha mwaka mmoja una pengo, yaani haukuwa na michango ya kutosha. Unauliza ulilipie? Usilipe sasa.

Pensheni kamili ya serikali inadai miaka 35 ya michango. Ukianza kazi na miaka 22 mpaka 68, una miaka 46 mbele yako, pengo la chuo halitakudhuru. Na kwa viwango vya 2025/26, kulipia pengo la mwaka mzima kulikuwa takriban pauni 923. Nimewahi kuhesabu sarafu mezani kabla ya kwenda kununua mchele, najua uzito wa hela hiyo kwa mwanafunzi.

Kwanza angalia slipu ya mshahara wa kibarua chako. Kwa viwango vya 2025/26, ukilipwa angalau pauni 125 kwa wiki na mwajiri mmoja, wiki hiyo ilihesabiwa kwenye rekodi yako hata usipokatwa senti. Wengi hawalijui hili, inaniuma.

Ila kama utarudi nyumbani baada ya miaka michache, hesabu inabadilika, maana ukiwa na chini ya miaka 10 kwa kawaida hupati kitu. Mapengo huruhusiwa kulipiwa hadi miaka 6 nyuma. Subiri ujue utaishi wapi.