Vitu vimo kichwani, shida ni kuvitoa: jibu kwa mama mwenzangu kuhusu usonji na kumbukumbu

Dada mleta uzi, pole, na hongera pia. Umeandika kwamba mwanao wa miaka 9 anazijua kwa kichwa namba za magari yote yanayolala mtaani kwenu na namba za simu za ukoo mzima, lakini ukimwuliza leo shuleni kala nini anakujibu "sijui", na ukimtuma vitu vitatu dukani anarudi na kimoja. Baba yake anasema mtoto mwenye kichwa cha namna hiyo hawezi kusahau chumvi, huo ni ujeuri. Hospitali wamewaambia ni usonji, ile hali ya ubongo ambayo kwa Kiingereza inaitwa autism. Unauliza: kumbukumbu yake ni kali au ni mbovu?

Nimelala na hilo swali, maana nimeishi nalo miaka kumi. Wangu sasa ana 17. Hapa nitamwita Shaabani, si jina lake. Mimi ni fundi cherehani huku Mbagala, si daktari. Haya nimeyapata kwa kuishi naye, kwa kusoma, na kwa kuwauliza walimu wa kitengo cha shule cha watoto wenye mahitaji maalumu mpaka wakanizoea. Mnisamehe kwa urefu.

Mimi naona hivi: vitu vimo, kazi ipo kwenye kuvitoa. Kichwa cha Shaabani ni kisima kilichojaa, ila ndoo haina kamba. Ukimpa kamba anachota mpaka unashangaa. Usipompa, anakaa ukingoni na kiu yake, na wewe unaondoka ukidhani kisima kikavu.

Aliyenifumbua macho ni ustadhi wa madrasa. Shaabani alipofika miaka 8 alikuwa amehifadhi Juzuu Amma nzima, sura 37, na ustadhi alikuwa akimsifu kila mahali. Sikukuu moja mjomba wake akaja kutoka Tanga, nyumba imejaa wageni, akamwita: "Hebu mjomba, tusomee sura unayoipenda." Kimya. Mtoto anaviringisha pindo la kanzu tu. "Haya, soma yoyote." Kimya. Mjomba akanigeukia: "Si mlisema amehifadhi?" Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, nikaanza kumbana mtoto, soma, soma basi. Ustadhi alikuwa kwenye kona na kikombe chake cha kahawa. Hata hakuinua kichwa. Akatamka tu: "Wadh-dhuhaa..." Shaabani akapokea, akaenda mpaka mwisho wa sura bila kukwama. Ustadhi akamwanzishia nyingine, akaenda. Ya tatu, akaenda. Wageni kimya. Halafu ustadhi akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mama, usimwulize ipi. Mfungulie mlango, ataingia mwenyewe."

Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba watafiti nao wameliona hilohilo. Yuko mmoja wa London, Dermot Bowler, amelifanyia kazi kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990. Alichokieleza ni kwamba mtu mwenye usonji, ukimpa kishikizo ndani ya swali lenyewe, kama mwanzo wa neno, picha, au majibu mawili achague, mara nyingi anakumbuka sawa na wenzake. Ukimwachia uwanja mtupu, "niambie yote unayokumbuka", hapo anabaki nyuma. Ndiyo yale ya mjomba na ustadhi.

Na hiyo nguvu ya kuhifadhi si kitu kigeni. Daktari mmoja wa Baltimore, Marekani, Leo Kanner, aliyeandika mwaka 1943 habari za watoto 11 waliokuwa na hali hii, alishangazwa na vichwa vyao. Mtoto wa kwanza aliyemweleza kwenye maandishi yale, Donald Triplett wa Mississippi, angali mdogo sana alikuwa anaisoma kwa moyo Zaburi ya 23 na maswali 25 ya katekisimu pamoja na majibu yake. Niliposoma pale niliweka simu chini nikamtazama wangu aliyelala. Kule kanisani, huku madrasa, mtoto ni yuleyule.

Sasa dukani. Dada, mimi na wewe tukiambiwa "nyanya, kitunguu, chumvi", kichwani hatubebi vitu vitatu. Tunabeba kimoja: vya mchuzi. Maana yenyewe ndiyo inayofunga mzigo. Kule London, miaka ya 1960, watafiti Beate Hermelin na Neil O'Connor waliwapima watoto wenye usonji wakaona wanakumbuka maneno yaliyotupwa ovyo karibu sawa na wanavyokumbuka sentensi yenye maana. Sisi sentensi inatusaidia sana. Wao iliwasaidia kidogo. Kwa hiyo Shaabani akitoka hapa kwenda kwa Mangi, amebeba vitu vitatu visivyojuana, mkononi ana hela, njiani bodaboda inapiga honi, mbwa anabweka, redio ya saluni inaimba. Kinachofika dukani ni kimoja. Kwa miaka miwili nilikuwa namrudisha, mara ya pili, mara ya tatu, huku namsema. Mtoto akawa anatapika akisikia neno "duka". Hili najutia.

Dawa yake ilikuwa kipande cha boksi la sabuni. Nilichora nyanya, kitunguu, na mfuko wa chumvi, na chini ya kila kimoja bei. Bei anazipenda, ukikosea hamsini anakusahihisha. Aliporudi na vyote vitatu alilibandika boksi ukutani mwenyewe. Leo anaandika orodha kwenye simu, lakini orodha ipo, na itakuwepo. Usimwone mwanao mzembe kwa kutembea na karatasi.

Kuna kitu kingine kinafanana na hiki, ukijua kitakuokolea masufuria. Ukimwambia "saa saba epua maharage", maharage yataungua. Saa haimwiti mtu. Ila nikimwambia "ukisikia adhana ya adhuhuri, epua maharage", sijawahi kukuta yameungua. Hata walimu wa kitengo wananiambia ndivyo ilivyo kwa wengi wao: jambo la kukumbuka lililofungwa kwenye saa linapotea, lililofungwa kwenye kitu kinachosikika au kuonekana linabaki.

Naomba nikueleze la shati, maana hili la "sijui" ndilo linaloniuma zaidi kwenye maneno yako.

Alikuwa darasa la nne. Akarudi mfuko wa shati umechanwa, unaning'inia. Kumetokea nini? "Sijui." Nani kakuchania? "Sijui." Kesho yake nikaitwa shuleni. Nikaambiwa amempiga mwenzake, akiulizwa anasema hajui, basi ni mwongo. Akachapwa viboko viwili mbele yangu, nami nikanyamaza. Tulipofika nyumbani nikaongeza maneno yangu. Yeye alinitazama tu.

Zikapita kama wiki tatu. Siku hiyo nimekaa kwenye cherehani narudishia ule mfuko. Shaabani akaja akasimama karibu, akaugusa mfuko kwa kidole, akasema kwa sauti ambayo si yake, sauti ya mtoto mwingine kabisa: "Toa hela, bubu wewe." Mguu wangu ukasimama kwenye pedali. Nikamwuliza taratibu, mfuko ulikuwa na nini? "Mia tano. Sarafu." Ulikuwa umesimama wapi? Chini ya mwembe, kwenye benchi lililovunjika mguu. Kulia kwako nani? Akamtaja. Kushoto? Akamtaja. Kulikuwa na wa tatu ameshika kidumu cha njano cha maji, akataja na neno alilosema. Yote, neno kwa neno, yalikuwa yamekaa mle wiki tatu. Nikarudi shuleni na majina. Mmoja wa watoto wale akakiri. Mwalimu aliniomba radhi, nikamshukuru, lakini vile viboko havikurudi vilikotoka.

Mwanasaikolojia mmoja, Endel Tulving, mwaka 1972 aliigawa kumbukumbu mafungu mawili. Kuna kuvijua vitu: mji mkuu wa nchi fulani, namba ya gari, bei ya sukari. Na kuna kuirudia siku uliyoiishi: nilikuwa pale, likaanza hili, likafuata lile. Wenye usonji wengi fungu la kwanza liko imara, na la pili ndilo linalowasumbua, hasa kulipanga na kulisimulia unapoulizwa ghafla. Kwa hiyo mtu kujua namba 200 za magari na kushindwa kueleza mchana wake vinakaa kwenye kichwa kimoja bila uongo wowote. Uingereza wapo watafiti wanaoangalia namna ya kuwahoji mashahidi wenye usonji, wakaona kumpa mtu kalamu achore mahali palipotokea jambo kunamsaidia kukumbuka. Mimi sikuwa na habari hizo. Mfuko wa shati ulinifundisha.

Tangu hapo sijamwuliza "leo shuleni vipi?" tena. Nachukua karatasi nachora mraba, nasema hili darasa, wewe uko wapi? Anatia nukta. Kipindi cha kwanza aliingia nani? Aliandika ubaoni kwa chaki ya rangi gani? Ukifika kwenye chaki umeshaingia ndani, mengine yanakuja yenyewe.

Sura za watu ni shida nyingine, nitaligusa tu. Shangazi yake akivaa baibui anamjua. Siku ya harusi alipofunga kilemba na kupaka wanja alimpita kama mgeni. Shangazi alinuna. Alipoongea tu, Shaabani akamkimbilia. Waambie ndugu waanze na sauti: "Shaabani, mimi shangazi." Haigharimu kitu.

Na lipo la upande wa pili, kutosahau. Mahali palipomtisha hapafutiki. Kuna njia ya kwenda zahanati ambako alidungwa sindano huku ameshikwa na watu wanne. Miaka minne hakukubali kuikanyaga, tulikuwa tunazunguka. Ndiyo maana nakusihi, mwambie shemeji asimchape kwa kusahau. Chumvi ataisahau tena kesho. Fimbo hataisahau akiwa na miaka 40.

Naomba pia msikubali watu wamfanye mtoto maonyesho. Majirani wakisikia usonji wanauliza, "wako ana kipaji gani?" Wameona mtandaoni yule Stephen Wiltshire wa London anayezungushwa angani kwa helikopta kisha anachora mji mzima kwa kumbukumbu. Ni kweli, yupo, na mwaka 2005 aliichora Tokyo hivyo kwenye turubai la mita 10. Lakini mwanasaikolojia Bernard Rimland alipokusanya majibu ya wazazi wa watoto wenye usonji huko Marekani, mwaka 1978 alitoa hesabu ya kama mtoto mmoja kati ya kumi mwenye uwezo wa kupita kiasi wa aina yoyote. Kwenye kitengo chetu walikuwepo watoto ambao kuhifadhi hata jina la siku kulikuwa kazi ya muhula mzima, na mama zao walikuwa wanaumia kila Shaabani alipotaja namba za daladala mbele za watu. Nilipogundua nikaacha kumtajisha.

La mwisho ni la simu, kwa sababu wewe mwenyewe umesema anajua namba. Akiwa na miaka 12 alinipotea Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ile saa ya watu wengi. Saa mbili nzima. Waliomwokota walimpeleka kwa askari, akaulizwa jina, akaulizwa anakaa wapi, akaziba masikio. Mama mmoja muuza karanga akasogea na kitochi chake, hakumwuliza chochote. Akabonyeza sifuri, akabonyeza saba, akamkabidhi simu. Shaabani akamalizia tarakimu nane zilizobaki, simu yangu ikaita. Mama yule hakujua usonji ni nini. Aliniambia alimwona anatazama vitufe.

Leo usiku, dada, usimwulize kala nini. Mwambie, "Leo mchana mlikula wali na..." halafu unyamaze. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, hata ikibidi ishirini, usimalizie wewe. Shemeji akae hapo hapo asikie. Kisha rudi hapa utuandikie amejibu nini.