Simu inastaki kila siku, Voyager inadunda tangu 1977, kulikoni?

SWALI: Habari fundi. Mimi sio mtu wa sayansi, napenda tu kufuatilia mambo ya anga. Nimesoma kwamba kompyuta za Voyager 1, kile chombo cha NASA kilichorushwa 1977 kwenda anga za mbali, zina memori kama KB 70 hivi, haifiki hata picha moja ya simu, na bado kinafanya kazi. Simu yangu ina GB 8, nikifungua ramani na apu ya kuchati kwa pamoja inastaki, alafu kila baada ya siku mbili tatu inataka apdeti. Hivi zamani watu walikuwa wanaandika programu bora kuliko sasa? Na kikiharibika huko kinatengenezwaje?

JIBU: Salama. Kwanza nikutoe hofu, hata Voyager inaharibika, tena vibaya. Novemba 2023 Voyager 1 kilianza kutuma sifuri na moja zinazojirudia tu, hazina maana yoyote. Cha ajabu amri za kutoka duniani kilikuwa kinazipokea na kuzitii vizuri, ila kikifungua mdomo kujibu ni upuuzi mtupu. Wahandisi wa NASA wakahangaika miezi, Machi 2024 wakatuma amri ya kukichokoza kidogo, kikarudisha nakala ya memori nzima ya ile kompyuta inayopanga data, wakailinganisha na nakala ya zamani na ndo wakagundua kuna chipu moja imekufa, imeondoka na kama asilimia 3 ya memori.

Sasa hapo ndo penye utamu. Chipu huwezi kubadilisha, kipo zaidi ya kilomita bilioni 24 huko. Msimbo, yaani maagizo ya programu, uliokuwa kwenye chipu ile ilibidi uhamishwe, lakini hamna sehemu moja yenye nafasi ya kuubeba wote, kwa hiyo wakaukatakata vipande wakavichomeka hapa na pale kwenye vinafasi vilivyobaki, alafu kila mahali palipokuwa panasema "nenda kasome kule" wakaparekebisha paseme anwani mpya. Kosa moja la anwani na umeharibu zaidi. Mimi nafanya kazi ya programu na nakwambia ukweli, nikikosea kitu kwenye seva naona baada ya sekunde, narekebisha, naendelea na maisha. Wao amri ilichukua saa 22 na nusu kufika na jibu saa 22 na nusu kurudi, na hiyo ni kwa mwendo wa mwanga, hakuna kinachokimbia zaidi ya hapo. Walituma tarehe 18 Aprili, jibu la maana likaja tarehe 20.

Na mawasiliano yenyewe ni ya kobe. Redio ya chombo ina nguvu kama wati 22, taa ya friji tu hiyo, na mawimbi yanavyosafiri yanatawanyika, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inayokufikia inabaki robo. Dawa yake ni ile ile unayotumia kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, unavuta maneno polepole. Kinatuma biti 160 kwa sekunde, yaani sifuri na moja 160 tu. Ile picha yako ya MB 3 ingechukua zaidi ya saa 41 kufika.

Turudi kwenye simu. GB 8 ni zaidi ya mara laki moja ya memori ya Voyager, kweli, lakini angalia inavyogombaniwa. Ramani inachora barabara, inasikiliza setilaiti, inavuta data ya intaneti, huku apu ya kuchati inapokea video, nyingine kumi ziko nyuma kimya kimya, na aliyeandika apu hajui utaifungulia kwenye simu gani kati ya maelfu ya aina zilizopo. Memori ikijaa simu inaanza kufukuza apu moja ili nyingine ipate nafasi, wewe unaona imestaki. Apdeti nazo nyingi ni za kuziba matundu ya usalama, maana simu yako inaguswa na dunia nzima. Voyager hakina wageni, programu zake chache zinakaa kwenye mashine moja inayojulikana mpaka waya wa mwisho.

Kwa hiyo sio kwamba za zamani ni bora, ni kwamba zilikuwa ndogo kiasi kwamba watu wachache wanaweza kuzijua mstari kwa mstari. (Ingawa nakiri wenzangu siku hizi tunajaza sana apu mizigo isiyo na kazi, hilo lawama mtupe.) Na programu nzuri kwa mashine moja si lazima iwe nzuri kwa nyingine. Mwaka 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka kabla haijamaliza hata dakika moja angani, sababu ilirithi programu ya Ariane 4 ambayo ilikuwa haina shida kabisa, ila roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa na namba moja ikazidi biti 16 ilizotengewa.

Ungeuliza kama simu yako ingeweza kuendesha Voyager, mahesabu ingeyamaliza bila hata kupata moto. Ila mionzi ya angani ingezipiga chipu zake, ambazo ni ndogo na laini mno, na chaji ya betri ingeisha siku ya kwanza au ya pili. Voyager kinakula umeme unaotokana na joto la plutoniamu, na hata huo unapungua kama wati 4 kila mwaka, ndo maana wanakizimia vifaa kimoja kimoja.