Msikae kikao hicho kabla ya kusoma hati zenu za zamani

Ahirisha kikao hicho, ndugu yangu. Umeandika kwamba mradi wenu umeanguka, kwamba kesho mtakaa pamoja mkumbuke dalili mlizozipuuza, na kwamba aliyeuidhinisha huenda akaondolewa. Kisha ukauliza ripoti iandikwe kwa muundo gani na mipango ya mwaka ujao ianzie wapi. Nimewahi kuongoza kikao cha namna hiyo hiyo, na matokeo yake yananiuma mpaka leo.

Wazo lilitoka kwa mshauri tuliyemlipa. Alitaka kila mjumbe aeleze kwa zamu ni dalili gani aliziona kabla ya hasara. Mtunza fedha alikumbuka kwamba wateja walikuwa wameanza kuchelewa kulipa. Mwingine alikumbuka kwamba msambazaji hakuwa mtu wa kuaminika. Mimi nilisema, tena kwa uhakika kabisa, kwamba sikuwahi kuupenda mpango ule. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alikuwa akisema kile ambacho kumbukumbu yake ilimwonyesha wakati huo. Kauli ya "nilijua tu" ikazunguka meza nzima, na ilipomfikia mwenzetu aliyetia saini, yeye peke yake hakuwa na la kujitetea. Tukamwondoa, na mshauri akatusifu kwa uwajibikaji.

Baadaye, tulipokuwa tukitafuta hati nyingine kabisa, tuliukuta muhtasari wa kikao kilichopitisha mradi. Jina langu lilikuwa miongoni mwa waliouunga mkono bila sharti lolote. Mtunza fedha alikuwa amethibitisha kwamba malipo ya wateja hayana shaka. Aliyeomba tusubiri kidogo alikuwa mmoja tu, naye ni yule yule tuliyemfukuza; alitia saini baada ya sisi sote kumshinikiza. Nilimfuata nikamwomba radhi. Alikataa kurudi, na alikuwa na haki ya kukataa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani, na mtu anayelipwa kutoa ushauri alipaswa kulijua. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alichapisha utafiti ambamo watu walisomeshwa habari za vita vya mwaka 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal, makundi kadhaa yakapewa kila moja mwisho wake, na kundi moja halikuambiwa mwisho wowote. Walioambiwa mwisho fulani waliuona kuwa ulitarajiwa zaidi kuliko walivyouona wasioambiwa, hata pale watu walipotakiwa wajibu kana kwamba hawakuujua. Yeye na mtafiti mwenzake, Ruth Beyth, waliwauliza watu pia, kabla ya Rais Nixon wa Marekani kwenda Beijing na Moscow mwaka 1972, mambo mbalimbali yana uwezekano gani wa kutokea. Baada ya safari hizo waliwaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Kwa mambo waliyoamini yametokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko ule waliokuwa wameutaja.

Hasara yetu ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na ilizaliwa katika kikao kile kile. Kwa kuwa tulikuwa tumejiaminisha kwamba kuanguka kwa mradi kulionekana waziwazi tangu mwanzo, tuliamini pia kwamba hatari inayofuata tungeiona ikija. Kwa imani hiyo tulipunguza akiba na kuweka karibu fedha zote mahali pamoja, huku mshauri akituambia kwamba sasa tumekuwa wazoefu. Hatukuwa na uzoefu wowote, kwa sababu hatukuwahi kulinganisha tulichotarajia na kilichotokea. Tulikuwa na simulizi tuliyoitunga baada ya tukio, ikituonyesha sisi kuwa werevu na mtu mmoja kuwa mzembe.

Kwa hiyo andikeni kabla. Siku ya uamuzi, kila mjumbe aandike peke yake, kabla ya kusikia wenzake, anatarajia nini, kwa uwezekano wa asilimia ngapi, kwa sababu zipi, na ni jambo gani likitokea litamfanya abadili msimamo. Karatasi hizo zitiwe tarehe na zitunzwe na mtu asiyeweza kuzibadilisha. Msiandike "huenda" wala "kuna dalili nzuri", kwa sababu maneno hayo yatakubaliana na matokeo yoyote.

Kwa mradi ambao umekwisha kuanguka mmechelewa kufanya hivyo, lakini mihtasari, barua pepe na bajeti za wakati ule bado mnazo. Zikusanyeni, mkiacha nje kila kilichoandikwa baada ya tarehe ya uamuzi, kisha mpeni mtu wa nje asiyejua mradi uliishaje, mumuulize kama angeupitisha. Inawezekana kabisa uamuzi ulikuwa wa busara kwa taarifa zilizokuwapo, na bado ukaleta hasara. Hati hizo azisome kwanza yule mnayetaka kumwondoa, kabla mtu mwingine yeyote hajapewa nafasi ya kueleza anachokumbuka.